Rangi Kama Mizani ya Mtu katika Nyanda za Juu Kusini

Kwa takribani miaka sabini, katika nchi inayotoka Iringa hadi Mbeya na Tukuyu, rangi ya ngozi ilisema kabla mtu hajafungua kinywa. Iliamua alale wapi, mtoto wake asome shule gani, mshahara wake uwe kiasi gani, kura yake ipigwe vipi, na hata mifupa yake ifanywe nini akishakufa. Utaratibu huo ulikuwa na ndugu yake ng'ambo ya bahari. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu majimbo kuwatenga weusi na weupe katika treni, na kwa mwanya huo ukapita utengano wa shule, hospitali, hoteli na makaburi. Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wakijenga boma lao la Iringa, juu ya kilima kinachotazama bonde la Ruaha Mdogo. Nchi hizo mbili hazikuigana, lakini zilinywa maji ya kisima kimoja: imani kwamba binadamu wamegawanyika katika aina, na kwamba aina ya mtu yatosha kumjua.

Nyanda za Juu Kusini zilionja imani hiyo kwa mara ya kwanza kwa njia ya dharau. Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, aliingia Uhehe mwaka 1891 akiwa na bunduki, mizinga na askari wa kukodi. Hakutuma wapelelezi wa kutosha mbele ya msafara wake. Kwake yeye Wahehe walikuwa washenzi wenye mikuki na ngao tu, watu wasiostahili tahadhari. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, mashujaa wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliibuka vichakani kutoka pande zote na kuumaliza msafara kwa muda mfupi mno. Zelewski mwenyewe aliuawa, pamoja na Wazungu wengine na askari zaidi ya mia mbili. Watu waliohukumiwa kabla ya kujulikana walikuwa na jeshi lenye vikosi, mpango wa vita na mtawala aliyekuwa na habari za kila hatua ya adui.

Baada ya Lugalo hukumu iligeuzwa kichwa chini miguu juu. Maofisa wa Kijerumani, na Waingereza baada yao, walianza kuandika kwamba Wahehe ni kabila la vita kwa asili, watu wenye kiburi cha kijeshi waliotofautiana na majirani zao. Sifa hiyo ilionekana kuwa heshima, na Wahehe wengi waliipokea. Hata hivyo ilikuwa ndugu wa dharau ya Zelewski, kwa sababu nayo ilimpa mtu tabia kabla ya kumsikiliza. Mkulima wa Uhehe aliyependa shamba lake kuliko bunduki hakuwa na nafasi katika maelezo hayo. Waingereza waliainisha hivyohivyo makabila ya Kenya, Uganda na India, hawa wa jeshi, wale wa mashamba, wengine wa ukarani, na uainishaji huo ukaamua nani aandikishwe askari na nani achukuliwe kibarua.

Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1894, na Mkwawa akaendelea kupigana porini kwa karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi ili asikamatwe. Askari wa Kijerumani walikata kichwa chake na kukipeleka Iringa. Kwa mujibu wa Wahehe kichwa hicho kilichukuliwa Ujerumani, na hapo ndipo historia ya Iringa inapokutana na ile iliyoitwa sayansi ya mbari.

Katika karne ya kumi na tisa wasomi wa Ulaya na Marekani walikusanya mafuvu kwa maelfu. Samuel George Morton, daktari wa Philadelphia, alijaza mafuvu mbegu na baadaye risasi ndogondogo ili kupima ujazo wake, kisha akapanga mataifa ya dunia kwa ngazi, weupe wakiwa juu na weusi chini. Matokeo yake yalitumiwa na watetezi wa utumwa wa kusini mwa Marekani. Huko Berlin, msomi Felix von Luschan alipokea mafuvu kutoka makoloni yote ya Ujerumani, yakiwemo mengi ya Afrika Mashariki, yaliyotoka makaburini, kwenye viwanja vya vita na chini ya miti ya kunyongea watu. Mifupa hiyo ilifungwa makasha, ikaandikwa namba na kusafirishwa kwa meli. Walionyongwa kwa kupinga utawala waligeuzwa vielelezo vya utafiti, na ndugu zao hawakuulizwa.

Kipimo kilichopendwa sana kilikuwa uwiano wa upana wa kichwa na urefu wake: upana unagawanywa kwa urefu, jibu linazidishwa kwa mia. Iliaminika kwamba namba hiyo haibadiliki katika mbari, na kwamba yatosha kueleza ukoo wa mtu. Aliyeivunja imani hiyo alikuwa Franz Boas, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyewahi kufanya kazi katika jumba la makumbusho la Berlin kabla ya kuhamia Marekani. Serikali ya Marekani, ikiwa na hofu ya wahamiaji kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya, ilimruhusu apime vichwa vya maelfu yao na vya watoto wao jijini New York. Ripoti yake ya mwaka 1911 ilionyesha kwamba watoto waliozaliwa Marekani walikuwa na vichwa vya umbo tofauti kidogo na vya wazazi wao. Chakula na mazingira ya kizazi kimoja tu viliisogeza ile namba iliyodhaniwa kuwa ya milele.

Habari hizo zilikuwa zimezeeka kwa miaka arobaini pale Gavana Edward Twining wa Tanganyika alipokwenda Bremen mwaka 1953 kutafuta fuvu la Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, ulikuwa umeiamuru Ujerumani irudishe fuvu hilo pamoja na Kurani ya Khalifa Othman, lakini miaka thelathini na zaidi ilipita bila kupatikana kitu. Katika makumbusho ya Bremen kulikuwa na mafuvu takribani 2,000, na kati ya hayo 84 yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Twining alitumia kipimo kilekile cha upana kwa urefu. Alikuwa na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai, vilivyokaribia 71, na akayachambua mafuvu hadi likabaki moja lenye namba iliyoafiki na tundu lililofanana na la risasi. Hilo ndilo alilolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, huko Kalenga tarehe 19 Juni 1954.

Sherehe ilikuwa kubwa, na machozi ya Wahehe siku hiyo yalikuwa ya kweli. Hiyo ni haki yao, na hakuna kipimo kinachoweza kuipunguza. Lakini inafaa kutazama njia iliyotumika. Zana iliyobuniwa kuwapanga watu kwa thamani ndiyo iliyotumika kumrudishia mtu mmoja jina lake, na fuvu moja lilipoondoka Bremen na kuwa kiongozi mwenye ukoo na kaburi, mengine 83 yalibaki kuwa namba. Wakati ule vita vya Mau Mau vilikuwa vikiendelea Kenya, na serikali ya kikoloni ilihitaji utii wa Wahehe na vijana wao jeshini, kwa hiyo hata heshima ile ilibeba ndani yake hukumu ya zamani ya kabila la vita. Mwezi mmoja kabla ya sherehe ya Kalenga, tarehe 17 Mei 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba kuwatenga watoto wa shule kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Tanganyika ya wakati huo haikuwa na hukumu ya aina hiyo. Waingereza walikuwa wamejenga ngazi ya tabaka tatu, Wazungu juu, Wahindi na Waarabu katikati, Waafrika chini, na Nyanda za Juu Kusini zilikuwa mahali ambapo baadhi yao walitaka kuikaza zaidi. Hali ya hewa ya baridi ya Mufindi, Dabaga na Rungwe iliwafanya walowezi waone Ulaya nyingine. Mnamo Oktoba 1925, Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano Tukuyu uliowakutanisha walowezi wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Ndoto yao ilikuwa mfululizo wa nchi za Wazungu kutoka Nairobi hadi kusini. Ilikwama kwa sababu mbili: Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na Gavana Donald Cameron hakutaka serikali yake iongozwe na walowezi. Wenyeji wa Rungwe, ambao mkutano ulifanyika mlangoni kwao, hawakuwa na kiti ndani yake.

Mji wa Mbeya ulikua kwa dhahabu ya Lupa, mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, na ulipopimwa viwanja ulipimwa kwa rangi. Wazungu walikaa kwenye miteremko yenye miti, bustani na nafasi. Wahindi walikaa penye maduka, nyumba ikiwa nyuma na kaunta mbele. Waafrika walipewa sehemu zenye msongamano. Majina ya Uzunguni na Uhindini yanatumika Mbeya hadi leo, yakitajwa na vijana wa bodaboda wasiowaza kamwe kwamba yalikuwa amri kabla ya kuwa majina. Katika kazi za serikali palikuwa na mishahara ya aina tatu hadi miaka ya 1950: karani Mwafrika, karani Mhindi na karani Mzungu waliweza kukaa ofisi moja, wakajaza daftari moja, na mwisho wa mwezi wakaondoka na fedha zisizolingana hata kidogo.

Lupa yenyewe iliwatia wakoloni katika mtihani wasioutarajia. Kati ya Wazungu waliomiminika Chunya, kwenye machimbo hayo, wengi hawakuwa na mtaji, na wengine walifilisika, wakaishi katika vibanda vya nyasi, wakadaiwa na wenye maduka Wahindi na hata kukosa mshahara wa kuwalipa vibarua wao. Mzungu maskini alikuwa tatizo la siasa, maana ngazi nzima ilisimama juu ya madai kwamba weupe na uwezo ni kitu kimoja. Vibarua kutoka Rungwe, Mbozi na Ubena, waliokesha wakichekecha mchanga kwa ajili yake, walijua ukweli wa mfuko wake kuliko mtu yeyote.

Vita Kuu ya Pili vilileta mtihani mkubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1942 maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na serikali ya Stalin hadi Siberia na Asia ya Kati, waliletwa Afrika Mashariki kupitia Uajemi. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, lakini mbili zilikuwa Nyanda za Juu Kusini: Ifunda, katika barabara ya Iringa kwenda Mbeya, na Kidugala, kwenye misheni ya zamani ya Wajerumani upande wa Njombe. Wapolandi walikuwa weupe, hivyo kwa sheria ya rangi walistahili kuishi kizungu. Walikuwa pia mafukara waliolima bustani zao, wakafua nguo zao na kupika wenyewe mbele ya macho ya Waafrika. Maofisa waliogopa kwamba heshima ya Wazungu ingepungua. Wapolandi waliwekwa kambini mbali na miji, mahusiano yao na wenyeji yakaangaliwa kwa wasiwasi, na baada ya vita serikali ilihangaika kuwapeleka nchi nyingine. Wajerumani wenye mashamba ya Mufindi na Sao Hill, ambao kabla ya vita walikuwa mabwana wakubwa wa eneo hilo, walikuwa wameshakamatwa mwaka 1939 kama maadui na mali zao kuchukuliwa. Kwa hiyo weupe nao ulikuwa na madaraja yake, yaliyopangwa na kupanguliwa na serikali ileile.

Vijana wa Kinyakyusa walikuwa na chanzo chao cha maarifa. Wengi walikwenda migodini, Rhodesia ya Kaskazini na hata Johannesburg, wakiandikishwa na Wenela, shirika la kuajiri vibarua wa migodi ya Afrika Kusini. Huko waliona mfumo wa rangi ukiwa umekamilika: kibali mfukoni, kambi za wanaume watupu, kazi zenye ujuzi zikiwa zimefungwa kwa sheria. Walirudi na baiskeli, mablanketi na mashine za kushonea, na pia na habari za mahali ambapo njia ya Tanganyika ingeweza kuishia.

Shuleni ndiko ngazi ilikoonekana wazi kuliko kote. Mbeya kulikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu tangu miaka ya vita. Iringa, mwaka 1959, miaka miwili na ushei kabla ya uhuru, ilifunguliwa shule ya sekondari ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Joji kwa ajili ya Wazungu, yenye majengo na viwanja ambavyo shule za Waafrika za wakati huo hazikuvikaribia. Sensa ya 1957 ilikuwa imehesabu Wazungu wapatao 20,000 na Waafrika zaidi ya milioni 8.6 katika nchi nzima.

Uwiano huo ndio unaoufanya mfumo wa kura tatu uonekane ulivyokuwa. Tangu 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na wawakilishi kumi wa kila rangi, kana kwamba makundi hayo matatu yalilingana. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mhindi na Mzungu, la sivyo kura yake iliharibika. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilipokutana Tabora Januari 1958 ilibishana vikali, kisha ikaamua kuingia na kuwaunga mkono wagombea wa rangi zote waliokubali msimamo wake. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama chake, akishikilia kwamba Afrika ni ya Waafrika peke yao. Nyanda za Juu Kusini zilimpeleka barazani Lady Marion Chesham, mjane wa mlowezi mwenye cheo cha Kiingereza, yeye mwenyewe akiwa binti wa Philadelphia, mji wa Morton wa mafuvu. Aliungwa mkono na TANU. Walowezi wenzake wengi walimwona msaliti, na kura za Waafrika ndizo zilizomwinua. Baada ya uhuru alichukua uraia, akabaki mbunge na kuishi nchini.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja kutoka ndani. Mnamo Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia, na wabunge kadhaa, Christopher Kasanga Tumbo akiwa miongoni mwao, walitaka uraia uwe wa Waafrika, wengine wasubiri au waombe kwa masharti. Hoja yao haikuwa ya kubeza. Waliwakilisha watu waliodharauliwa maisha yao yote na waliohofia kwamba wenye mali wangeendelea kutawala wakiwa na pasipoti mpya. Waziri Mkuu Nyerere aliwajibu kwa ukali usio wa kawaida yake. Alisema kuhukumu watu kwa rangi ni jambo lililofanywa na Hitler na Verwoerd wa Afrika Kusini, akaonya kwamba anayeanza kwa kumtoa Mhindi kisha atamtoa Mmasai na Mgogo, na akasema serikali yake ingejiuzulu kama muswada ungeangushwa. Ulipita.

Matunda yake ya mwanzo yalionekana Mbeya. Mnamo Januari 1962 Nelson Mandela, aliyekuwa ametoka Afrika Kusini kisirisiri, aliruka pamoja na mwenzake Joe Matthews kwa ndege ndogo kutoka Bechuanaland. Karibu na Mbeya ukungu uliifunika milima, na rubani aliita mnara wa uwanja mara kadhaa bila kujibiwa. Walipotua hatimaye walikwenda katika hoteli ya mjini, na barazani waliwakuta weusi na weupe wameketi pamoja wakizungumza. Mandela hakuwahi kuona kitu kama hicho katika miaka yake 43. Walikuwa wakimsubiri mbunge John Mwakangale, ambaye alishakuja kuwaulizia na kuondoka. Mgeni mmoja Mwafrika alimwendea mhudumu wa mapokezi, mwanamke Mzungu, akamwuliza kama Bwana Mwakangale aliwaulizia mabwana hawa wawili. Mwanamke akamwomba radhi, akisema alisahau kuwaambia. Yule mgeni akamwomba kwa upole awe mwangalifu, kwa kuwa hao ni wageni wa nchi na wanastahili kuangaliwa vizuri. Mandela ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba hapo ndipo alipojua yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika, na kwa mara ya kwanza maishani akajiona mtu huru.

Kilichomgusa kilikuwa kidogo: Mzungu kumwomba Mwafrika radhi kwa kosa la kawaida la kazi, na Mwafrika kumkosoa bila woga na bila matusi. Marekani ilikuwa bado haijafika hapo. Mwaka uliotangulia, balozi wa Chad alikuwa amekataliwa kuhudumiwa katika mgahawa wa Maryland alipokuwa akisafiri kwenda Washington, na sheria iliyokataza hoteli na migahawa kuwabagua wateja haikupitishwa hadi Julai 1964.

Mwezi huohuo wa Januari 1962 mifumo tofauti ya elimu kwa kila rangi ilifutwa Tanganyika. Shule ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Joji ilipokea watoto wa rangi zote, kisha ikageuzwa kuwa Shule ya Sekondari ya Mkwawa, na sasa ni chuo kikuu kishiriki chenye jina hilo. Adam Sapi Mkwawa, ambaye kichwa chake kilipimwa ili fuvu la babu yake litambulike, alichaguliwa Spika wa Bunge.

Mabadiliko hayo yalikuwa na mawimbi yake. Wazungu kadhaa walioshutumiwa kuwatukana Waafrika walifukuzwa nchini katika miezi ya kwanza ya uhuru, wengine kwa ushahidi ambao haukupita mahakamani. Januari 1964 Nyerere alitangaza kwamba raia wasio Waafrika wasiwekwe nyuma tena katika ajira ya serikali, na uamuzi huo uliwaudhi wengi. Sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 haikutaja rangi popote, lakini iliwaangukia zaidi Wahindi, na familia zilizokuwa zimefanya biashara Iringa na Mbeya kwa vizazi viwili au vitatu zilifunga maduka na kwenda Uingereza na Kanada. Baadhi walikuwa raia waliouamini uamuzi wa 1961, na uchungu wao haukupewa uzito uliostahili katika magazeti ya wakati huo.

Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuwauliza Watanzania asili na kabila lao. Iliyofuata, ya 1978, haikuuliza, wala zilizokuja baadaye. Marekani imeuliza rangi katika kila sensa tangu 1790, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mhesabu mwenyewe ndiye aliyemtazama mtu na kuandika alichoona. Ni kuanzia 1960 tu ndipo wananchi walipoanza kujaza wenyewe. Mtu aliyezaliwa Mbeya baada ya 1967 na kuhamia Minnesota au Texas hukutana na swali hilo kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, kwenye fomu ya shule, ya hospitali na ya kazi, na anatakiwa aweke alama penye neno linalomjumuisha na wajukuu wa watumwa wa Georgia na Wasomali majirani zake.